Alama Nyekundu za Mulwa

Jumamosi hiyo, baada ya kuanika nguo na kumenya viazi vya jioni, Ndindi aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akavaa hedifoni na kusikiliza mazishi ya mumewe kwa mara nyingine. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja katika mtaa wa Jericho, na bintiye Koki alikuwa mezani akihangaika na hesabu za darasa la tatu. Hedifoni hazikuwa anasa. Mwanzoni Ndindi alikuwa akiifungulia kaseti ile wazi, mpaka jirani yake Njoki akaja kumwambia kwa upole kwamba watoto wake wameanza kucheza mazishi, na yule mdogo kabisa ndiye anayezikwa kila siku.

Redio iliyocheza kaseti hiyo ilikuwa ya gari. Mulwa alikuwa dereva wa lori, na kama madereva wengi wa mitaa ile hakuona sababu ya kununua redio ya dukani wakati ya gari ingeweza kutiwa ndani ya sanduku la mbao na kuendeshwa kwa betri kuukuu iliyokaa chini ya kitanda. Juu ya sanduku hilo alikuwa ameweka kitu alichokipenda kuliko vyote mle ndani, ukiondoa watu: ikwalaiza aliyoipata kwa Mulama, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na Soko la Burma. Kilikuwa kisanduku cheusi chenye vishikio vitano vidogo vya kusukuma juu na chini, kila kimoja kikiongeza au kupunguza sehemu yake ya sauti. Cha kwanza kilibeba ngurumo na ngoma. Cha pili kilibeba vifua vya wanaume. Cha tatu kilibeba maneno yenyewe. Cha nne kilikuwa cha wanawake na watoto, na cha tano kilikuwa cha miluzi, kayamba na upepo.

Mulwa alipenda besi. Akirudi safari alivaa hedifoni, akasukuma vishikio viwili vya kwanza juu kabisa na kushusha vile vingine, kisha akafumba macho na kutikisa kichwa hadi chakula kikapoa. Muziki usiotikisa kitanda, alikuwa akisema, ni uji usio na sukari. Ndindi yeye alitaka kusikia mwimbaji anasema nini. Ili wasigombane kila jioni, Mulwa alichora alama kando ya vishikio kwa rangi ya kucha, nyekundu kwa ladha yake na nyeupe kwa ladha ya mkewe. Kuna ndoa pale Jericho zilizovunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Sasa kuhusu ile kaseti. Miaka hiyo ya mwanzo wa themanini, mtu wa Ukambani akifa Nairobi alirudishwa kwao kuzikwa, na mazishi yalirekodiwa ili jamaa walioko Mombasa wasikie nani alikuja, nani hakuja, na nani alisema nini. Kwa mazishi ya Mulwa kule Kangundo kazi hiyo alipewa Mulama. Alifika na redio kaseti yake mkononi akakuta meza imechukuliwa na akina mama wa kupakua wali, na viti vimekaliwa na wazee. Akatazama huku na huku, kisha akaiweka redio juu ya jeneza, mahali pa kifua, kwa kuwa palikuwa tambarare na karibu na wasemaji. Hakuna aliyemkataza. Watu walisema ni mahali pazuri, haitaanguka.

Msemaji aliyesikika kuliko wote siku hiyo alikuwa Mzee Ndambuki. Alikuwa na malori mawili ya kuzoa mchanga kwenye mito ya Ukambani na kuuleta Nairobi, ambako Dandora nzima ilikuwa ikijengwa, na moja la malori hayo ndilo alilokuwa akiendesha Mulwa. Pia alikuwa mzee wa kanisa katika kanisa lile lile alilosali Ndindi. Mulwa alimwambia kwamba breki za lori zimekwisha. Alimwambia tena, wakiwa wawili tu garini, na Ndambuki akamjibu kuwa yeye aliendesha miaka mingi kwa gia peke yake na bado yu hai. Wiki hiyo hiyo lori liliteremka mlima bila kusimama, na Mulwa akafukuliwa kutoka kwenye mchanga kwa majembe ya watu wa karibu.

Ndambuki alikuwa na sauti nzito, sauti iliyotoka chini ya mshipi, na watu huamini kitu kizito. Alisimama mbele ya jeneza akakohoa. “Ndugu yetu Mulwa alikuwa mchapa kazi,” akasema, “lakini tusifichane mbele za Mungu. Chupa ilimshinda. Siku ile alikuwa amelewa. Mimi nimemsamehe, na ninyi msameheni.” Kwenye kaseti akina mama wanaguna, kisha inasikika Biblia ikifungwa. Huyo ni Mchungaji Mativo, aliyekuwa ameandaa mahubiri marefu juu ya mtumishi mwaminifu, akaona kwa mlevi sala fupi itatosha.

Mulwa hakuwa ameonja pombe tangu aokoke, na aliokoka kabla hajaoa. Ndindi alilijua hilo, na Ndambuki alilijua pia. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, likapanda basi la kurudi Nairobi pamoja na waombolezaji. Akina mama wa kanisa waliokuwa wakimtembelea Ndindi Alhamisi wakapungua, kisha wakakoma. Shuleni Koki akaitwa mtoto wa mlevi. Mwanzoni alikuwa akipigana na kurudi na kola iliyochanika. Baadaye aliacha kupigana, na hilo ndilo lililomchoma mama yake zaidi, kwa sababu mtoto haachi kupigania baba yake bure. Huacha akianza kuamini.

Ndindi hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka mdomo ule ule uliosema Mulwa alikuwa mlevi usimame kanisani useme hakuwa mlevi, na Koki awe ameketi kwenye benchi la mbele anasikia. Kwa hilo alikuwa tayari kungoja, kuomba, na ikibidi kumtoa mtu roho. Mchana, pale Kariokor alikoshona mikoba ya ngozi, kila alipotoboa ngozi kwa msumari alimtoboa Ndambuki.

Basi Jumamosi hiyo kaseti ilipofika kwa Ndambuki, ule unene wa sauti ulimkera Ndindi kuliko siku zote. Hakuwa na mpango wowote. Alifanya alichokuwa akifanya kila muziki ulipomkera: alishika kishikio cha pili, kile cha vifua vya wanaume, akakiteremsha hadi chini kabisa. Kisha akavua hedifoni akaenda kukaanga viazi.

Kesho yake kanisani Mzee Ndambuki alisimama kusoma matangazo, na sauti yake haikuwa na kifua. Ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayepiga simu kutoka mbali, na waumini wa nyuma wakalazimika kuinama mbele. Alitangaza mkutano wa vijana na ufagiaji wa uwanja, akaketi. Baada ya ibada watu walimzunguka wakamshauri tangawizi, wengine limau na chumvi, na mama mmoja akasema ni vumbi la mwezi ule, hata mume wake lilimkausha koo. Hakuna aliyelichukulia kuwa jambo kubwa.

Ndindi alijua mara moja. Alikitazama kidole chake cha shahada, kilichoshusha kishikio, kisha akamtazama Ndambuki anavyoshikashika koo, na akafurahi. Tusimpake mafuta: alifurahi sana. Wimbo wa mwisho aliuimba kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu afiwe, hata Koki akamwangalia.

Alasiri alirudi kwenye kaseti ili aihakikishe furaha yake. Ndambuki alikuwa pale, mwembamba na mkavu, anasema chupa ilimshinda. Lakini mahali kilipokuwa kifua chake sasa palikuwa wazi, na chini yake palikuwa na mtu mwingine anayezungumza. Alizungumza polepole, kama mtu aliyelala chali chini ya gari akitengeneza kitu.

“Hii kitu mmeniwekea hapa kifuani ni nzito,” akasema Mulwa.

Ndindi alirudisha kaseti nyuma kidogo akasikiliza tena. Alikuwa Mulwa. Alilalamika kwamba koti alilovishwa si lake, ni la kaka yake, linambana kwapani. Alisema sufuria yao kubwa bado iko kwa Njoki. Ndambuki alipotaja chupa, Mulwa alijibu bila hasira: “Mzee, si nilikuambia breki? Mimi sikunywa. Unajua sikunywa.” Na Biblia ilipofungwa alivuta pumzi, na watu walipoanza wimbo naye akaimba, akichukua sehemu ya chini kama kawaida yake, akichelewa nusu pumzi kama kawaida yake.

Ndindi alilia hadi sifongo za hedifoni zikalowa. Kisha alinawa uso akaenda kumwita Njoki, kwa sababu jambo kama hilo halifai kuwa la mtu mmoja. Njoki alivaa hedifoni akiwa amesimama, mikono kiunoni, akasikiliza mpaka mwisho.

“Ni yeye, ni Baba Koki,” akasema. “Hiyo sufuria nilikuwa nakuletea, Mama Koki, ni vile tu imeshika masizi.” Akaenda akaileta, ikiwa imesuguliwa.

Baada ya sufuria kurudi, Ndindi aliona ana ushahidi. Alimkaribisha Mchungaji Mativo kwa chai, akamketisha kwenye kiti pekee chenye mto, na kumvalisha hedifoni juu ya kichwa chake chenye upara. Mchungaji alisikiliza kwa heshima, macho yameelekezwa kwenye dari. Alipomaliza alikunja waya vizuri, akanywa chai yake, akasema kwamba hana shaka ni Mulwa, kwani hata ile tabia ya kuchelewa kwenye wimbo aliitambua. Lakini kanisa, akaeleza, haliwezi kupokea neno la marehemu juu ya neno la mzee wa kanisa. Likianza hivyo halitamaliza. Marehemu ni wengi na kila mmoja ana lake.

Ndindi alimuuliza afanye nini basi. Mchungaji aliweka kikombe chini. “Neno lilisemwa na mdomo wa mtu aliye hai,” akasema. “Litolewe na mdomo ule ule, mbele ya watu wale wale. Hapo nitafungua Biblia niliyoifunga.” Alisema hivyo kwa nia njema, na yafaa hilo likumbukwe.

Siku iliyofuata Ndindi alikwenda Dandora, ambako lori la Ndambuki lilikuwa likimwaga mchanga kwenye kiwanja cha mtu aliyeanza kuinua kuta. Lilikuwa lori lile lile. Bodi ilikuwa imenyooshwa na kupakwa rangi mpya ya buluu, na dereva mpya, kijana mpole anayeitwa Mutisya, alikuwa ameweka jiwe nyuma ya gurudumu ili lisirudi nyuma. Kila aliposimamisha gari aliliwekea jiwe. Alikuwa na jiwe lake maalumu, alilibeba chini ya kiti.

Ndambuki alimwona Ndindi akaja mwenyewe, akivuka ile milima ya mchanga kwa viatu vyake vya Jumapili. Hakuuliza amefuata nini. Watu wenye hatia huokoa muda.

“Mama Koki, nirudishie sauti yangu,” akasema, na ilibidi Ndindi asogee ili asikie.

“Wewe rudisha kwanza jina la Mulwa. Jumapili usimame useme alikuwa hajalewa. Useme breki.”

Ndambuki alitazama lori, akamtazama mwenye kiwanja aliyesimama pale na koleo. Alieleza, kwa ile sauti ya uzi, kwamba akitaja breki malori yote mawili yatazuiwa barabarani, na watu wanaojenga watatafuta mchanga kwingine. Alimwomba Ndindi amwelewe, wote ni watu wa nyumbani, wote ni wa kanisa moja. Kisha akamaliza kwa neno ambalo labda yeye aliliona la busara.

“Mulwa ameshakufa, yeye haoni aibu. Mimi bado niko na watu.”

Ndindi aligeuka pale pale. Alirudi Jericho kwa miguu, njia nzima akiwa hasikii chochote isipokuwa damu yake mwenyewe. Hakufungua kitambaa cha kichwa wala hakuvua viatu. Aliwasha redio, akasogeza kaseti hadi kwa Ndambuki, akashika kishikio cha tatu, kile cha maneno, akakivuta chini kwa nguvu mpaka kikalia. Kisha akashusha cha kwanza, na cha nne, na cha tano, ili asibakize hata kikohozi. Ilikuwa tamu. Tangu azike mume hakuwa amefanya kitu chochote kilichomshibisha vile, na alikaa pale kitandani na viatu vyake vya vumbi akitabasamu peke yake mpaka Koki akarudi kutoka shule.

Kuanzia siku hiyo Mzee Ndambuki hakuwa na sauti ya aina yoyote. Alifungua mdomo kikatoka kimya. Alipiga chafya kimya. Mlango ulimbana kidole akalia kimya, na mkewe akaendelea kupepeta mchele akiwa amempa mgongo. Jumapili mtu mwingine alisoma matangazo, na Ndambuki akaketi mbele na wazee wenzake, mikono juu ya magoti. Ndindi alihamia benchi la pili ili amwone vizuri. Kila mahubiri yalipochosha, alikuwa akimtazama Ndambuki akimeza mate, na roho yake ikapoa.

Iliendelea hivyo kwa majuma kadhaa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumwendea Ndindi kombo. Watu walianza kusema kwamba Mzee Ndambuki amebadilika. Zamani alikuwa mtu wa kukata wenzake kauli, sasa anasikiliza. Katika kikao cha wazee hakumpinga yeyote, na mwenyekiti wa zamani alipostaafu walikubaliana wote kwamba nafasi hiyo inataka mtu mnyenyekevu. Ndambuki akawa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Wenye viwanja Dandora nao walimpenda, kwa kuwa hakubishana wala kutoa visingizio. Walimweleza wanachotaka na yeye akatikisa kichwa. Akaongeza lori la tatu.

Ni jioni moja akipika ndipo Ndindi alipoyakumbuka maneno ya Mchungaji, na mwiko ukamponyoka. Mdomo ule ule, Mchungaji alikuwa amesema. Mdomo ule ule ndio alioufunga kwa mikono yake, akaufunga kwa raha. Hata kama leo Ndambuki angeguswa na Mungu akataka kusimama kusema breki, angesimama na kuketi bila kutoa hata pumzi.

Aliiacha sufuria motoni akaenda kusukuma vishikio vyote juu, kimoja kimoja. Kwenye kaseti sauti ilirudi papo hapo, nene kama siku ya mazishi, ikamfunika Mulwa. Lakini Jumapili Ndambuki alikuwa bubu vile vile. Ndindi akavishusha, akavipandisha tena, akavijaribu katikati, akaviweka kwenye alama nyeupe na kwenye alama nyekundu. Akampelekea Mulama ikwalaiza ile, na Mulama akaifungua, akapuliza vumbi, akasema haina ubaya. Sauti ikishatoka, akasema Mulama, imetoka; lazima kuna mahali imekwenda. Yeye alikuwa fundi wa redio, na hakuona ajabu sauti kuhamia kituo kingine.

Mahali ilipokwenda Ndindi alipajua pale kwa mama muuza mboga. Mama huyo alikuwa akimfungia mteja sukuma wiki huku akimsimulia habari za mtaa, kwa sauti yake nyororo ya kila siku, hadi akafika kwenye habari ya dereva fulani wa lori la mchanga. “Siku ile alikuwa amelewa,” akasema, na maneno hayo yalimtoka kwa sauti nzito ya kiume, kutoka chini ya mshipi. Kisha akasafisha koo, akarudi kwenye sauti yake, akauliza kama mteja anataka na nyanya. Mteja alitaka.

Baada ya hapo Ndindi aliisikia kila mahali. Aliisikia ikitoka kwa kinyozi wa Maringo, kwa mke wa Mchungaji, kwa wanakwaya wawili waliokuwa wakiteka maji. Watu walisema mambo yao yote kwa sauti zao, ila sentensi ile moja waliisema kwa sauti ya Ndambuki. Ilikuwa imegawanyika kama shuka lililopasuliwa vitambaa, kila nyumba ina kipande chake, na hakuna aliyeona sababu ya kukirudisha. Ndindi alimwendea Mchungaji akamweleza. Mchungaji alisikitika kwa moyo wote. Alisema mwenyekiti wa wazee yuko katika majaribu makubwa, ni bubu, na itakuwa ukatili kumdai maneno. Tena, akaongeza, jambo lenyewe limepoa, kila mtu ameshamsamehe marehemu. “Chupa ilimshinda,” akasema kwa ile sauti nene, akimshika bega, kisha kwa sauti yake akamtakia jioni njema.

Usiku na mchana Ndindi alitamani awachane wote. Alitamani Ndambuki afe, kisha akatamani asife, kwa sababu angezikwa kwa mahubiri marefu. Lakini Jumapili moja, akimtazama Koki anavyoketi kanisani, kidevu kifuani, hamtazami mtu, hasira yake ilipata mlango mwingine. Kama kanisa halitaki kusikia, mtoto atasikia. Huyu ndiye aliyemhusu tangu mwanzo. Wengine walikuwa njia tu ya kumfikia. Akajilaumu kwa kutolifikiri mapema.

Alasiri hiyo alimketisha Koki kitandani mbele ya sanduku la mbao. Tangu aanze kuvaa hedifoni alikuwa amemzuia kaseti ile, akidhani anamlinda. Alishusha kishikio cha pili mpaka chini, akapandisha cha tatu mahali alipokuwa amejifunza kwamba Mulwa anasikika vizuri, akambana mtoto hedifoni masikioni, kubwa kwake, akazishikilia kwa viganja. Alimwambia atamsikia baba yake akisema ukweli.

Koki alisikiliza. Uso wake ulikuwa wa mtoto anayeonja dawa ili asimuudhi mama. Mulwa alisema kitu kizito kimewekwa kifuani mwake, akalalamikia koti, akasema breki, akasema hakunywa. Ndindi alijua kila neno lilipo kwa kutazama tu utepe unavyozunguka. Alimuuliza Koki kama amemsikia baba.

“Nimesikia mtu,” akasema Koki. “Yuko mbali. Na sauti ni nyembamba, Mama. Baba hakuwa anasikiliza hivi.”

Kisha akafanya kitu ambacho Ndindi hakukitarajia, ingawa ndicho mtoto yeyote aliyempenda baba yake angefanya. Akairudisha kaseti nyuma kwa kidole gumba, kama alivyomwona Mulwa akifanya. Akainama karibu na ikwalaiza akazitafuta zile alama nyekundu za rangi ya kucha, zilizokuwa zimeanza kufifia. Akasukuma kishikio cha kwanza hadi kwenye alama yake, na cha pili hadi kwenye alama yake, juu kabisa, akashusha vile vingine kimoja kimoja, kwa uangalifu, ulimi nje, mpaka vyote vitano vikakaa sawasawa na ladha ya baba yake.

“Hivi ndivyo alikuwa anapenda,” akasema.

Ndindi alinyoosha mkono kuuzuia mkono wa mtoto, akauona uso wake, akashindwa. Ulikuwa umefunguka. Koki alikuwa amefumba macho na alitikisa kichwa polepole, kama Mulwa alivyotikisa hadi chakula kikapoa, na tangu mazishi mama yake hakuwa amemwona na raha kama ile. Kitanda kilitikisika kidogo pamoja naye. Utepe ulizunguka, ukapita mahali pa koti na mahali pa sufuria, na pote pale pakawa na ngurumo tu. Ukafika kwa Ndambuki.

Koki alisikiliza hadi Biblia ilipofungwa. Midomo yake ilikuwa ikifuata maneno, kama wanafunzi wanavyofanya wakikariri. Alifungua macho akamtazama mama yake. “Chupa ilimshinda,” akasema, na sauti iliyotoka kwenye kifua kile chembamba ilikuwa nzito, ya mtu mzima, kutoka chini ya mshipi. “Siku ile alikuwa amelewa. Mimi nimemsamehe.”

Nje lori la mchanga lilipita likielekea Dandora, na Mutisya akapiga honi ndefu kwenye kona, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kuwaonya watu. Koki alikohoa kidogo. Kwa sauti yake mwenyewe aliuliza kama anaweza kusikiliza tena, hivyo hivyo kama Baba.

Ndindi alimwambia asikilize tu, ila asikae sana, kwa sababu betri ilikuwa imeanza kuisha.